Masika yanakaribia: nyumba yenu imejiandaaje na kipindupindu?

bibiafya_temeke (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimefanya kazi ya afya ya mazingira kwenye mitaa ya Temeke kwa miaka mingi, na kila masika yakikaribia naona watu wanajiandaa kwa namna ileile: katoni ya maji ya chupa, sabuni ya maji, basi. Si vibaya. Lakini wengi wa waliotufia mikononi hawakufa kwa kukosa sabuni. Walianza kuhara usiku, ndani hakuna ORS (unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji), hakuna anayejua mgonjwa anapelekwa wapi, wakasema tusubiri kukuche. Kulipokucha mwili ulishakauka.

Kwa hiyo uzi huu nauanza na usiku. Mambo ya maji na choo yatafuata.

Mtu mzima aliyeshikwa na kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Choo kinatoka kama maji yaliyooshea mchele, mara nyingi bila homa na bila msokoto wa tumbo wa kutisha, ndiyo maana watu wanachukulia ni kuhara tu. Akifika kituoni amekaukiwa sana, mtu wa kilo 60 huwekewa dripu takriban lita 6 ndani ya saa 3. Mzigo huo hauwezi kubebwa na kikombe cha uji nyumbani. Ila huyohuyo akiwahiwa anapona. Pale wagonjwa wanapotibiwa mapema, hafi hata mmoja kati ya mia. Malawi, mlipuko wa 2022 na 2023 uliwapata karibu watu 59,000 na ukaua zaidi ya 1,700. Hiyo ni karibu watatu katika kila mia. Sisi wenyewe, mlipuko ulioanzia Dar Agosti 2015 ulitembea mikoani hadi tukaingia 2018 na wagonjwa zaidi ya 33,000 na vifo zaidi ya 500. Wengi wa hao waliokufa walikuwa wa kupona.

Sasa nyumbani kwako. Nunua ORS leo, wakati duka la dawa linazo na wewe huna haraka. Mimi huwaambia watu zisipungue pakiti sita kwa familia, na vidonge vya zinki kama una watoto wadogo. Weka pamoja na chupa ya lita moja kamili, kwenye mfuko mmoja, mahali ambapo kila mtu anapajua. Nasema lita moja kamili kwa sababu chupa nyingi zilizozagaa majumbani ni za lita moja na nusu au nusu lita, na mama akiwa na hofu usiku anakoroga pakiti kwenye chochote kilichopo. Maji yakiwa pungufu chumvi inazidi, na kwa mtoto hilo ni hatari. Maji yakizidi, dawa inapoteza nguvu. Usiongeze sukari, usikorogee kwenye soda, juisi wala maziwa. Ikipita saa 24 mwaga, koroga nyingine.

ORS ikikosekana kabisa: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimefutwa juu visijae kilima. Hii ni ya kuvukia tu wakati mnatafuta usafiri.

Mtoto chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, yaani robo hadi nusu ya kikombe kikubwa. Wa miaka 2 hadi 10, nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mkubwa anywe kadiri awezavyo. Akitapika subiri dakika kumi, kisha endelea kwa kijiko, taratibu. Watu wengi wanaachia hapo wakisema "anatapika yote". Hatapiki yote. Endelea.

Halafu kaeni kama familia muamue mambo haya kabla hamjaugua: nani anaamua kwamba sasa tunaondoka (nimeona nyumba ikisubiri baba apokee simu huku mgonjwa anaisha), dereva gani wa bajaji anapokea simu usiku wa manane, fedha ya nauli iko wapi, na nani anabaki na watoto. Bajaji ni bora kuliko bodaboda, maana mgonjwa aliyekaukiwa hawezi kujishikilia. Tandikeni plastiki kwenye kiti, na chupa ya ORS iende naye njiani anaendelea kunywa. Namba 199 ya Wizara ya Afya haikati salio, iandikeni ukutani. Kipindi cha mlipuko ulizeni serikali ya mtaa kambi ya wagonjwa iko wapi, maana inaweza isiwe zahanati mliyoizoea.

La mwisho kwa leo. Mchana, kwenye nyumba nyingi za mjini aliyebaki na watoto ni dada wa kazi. Yeye ndiye wa kwanza kufundishwa kukoroga ORS. Aachiwe nauli ya dharura na simu yenye salio, na aambiwe waziwazi kwamba ana ruhusa ya kumbeba mtoto kumpeleka kituoni bila kusubiri kibali cha mtu. Binti wa watu anaogopa kugombezwa, anasubiri bosi arudi saa mbili usiku.

Karibuni tujadili.

mpangaji_buguruni

Ahsante sana mama kwa uzi huu. Mimi nakaa nyumba ya vyumba nane, familia nane, choo kimoja cha shimo, kisima kiko uani na mwenye nyumba anakaa mbali anakuja kuchukua kodi tu. Nikiweka ndani kwangu kila kitu ulichosema, jirani akiugua si narudi palepale?

bibiafya_temeke

Mwanangu, umegusa penyewe. Watu wengi wanaoambukizwa vimelea hivi hawaugui kabisa, au wanaharisha kidogo tu na kwenda kazini, lakini vimelea vinatoka kwenye kinyesi chao kuanzia siku moja hadi siku kumi. Anayeugua naye anaweza kuanza saa chache baada ya kumeza vimelea au akakaa hadi siku tano. Kwa hiyo kwenye nyumba kama yenu huwezi kumnyooshea mtu kidole kwamba yeye ndiye aliyeleta, na huwezi kujifungia chumbani na ndoo yako. Kaya yenu, kwa ugonjwa huu, ni hivyo vyumba vyote nane.

Iteni kikao kifupi jioni moja, mkae hata kwenye ngazi. Mchange ndoo yenye koki na sabuni, ikae mlangoni mwa choo, isifungiwe ndani ya chumba cha mtu. Ndoo ikishindikana, kibuyu chirizi cha dumu la lita tano na kamba kinafanya kazi ileile, na jivu linasaidia sabuni ikiisha. Usafi wa choo uwe wa zamu kwa vyumba, na wanaume wahesabiwe. Nyumba nyingi zamu inawaangukia wanawake, na mpangaji kijana asiye na mke anaonekana hausiki.

Kisima cha uani. Inatakiwa choo kiwe mbali na kisima angalau mita 30. Uani kwenu sidhani kama mnafika hata kumi, na hilo hamuwezi kulibadilisha mwezi huu. Basi maji ya kisima hicho hesabuni kuwa yana kinyesi, hata yakiwa meupe kama kioo na baridi tamu. Ya kunywa, ya kusukutua, ya kuoshea vyombo na matunda yatiwe dawa ya kutibu maji au yachemshwe mpaka yatokote kweli kwa dakika moja. Vidonge vingi vinavyouzwa kwetu ni kimoja kwa ndoo ya lita 20, lakini soma pakiti kwa sababu vipo vya vipimo tofauti. Maji yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, ndipo utie dawa, usubiri nusu saa. Hifadhi kwenye dumu lenye mdomo mwembamba au ndoo ya koki. Mkono na kata vinavyozama ndani ya ndoo ndivyo vinavyorudisha ugonjwa kwenye maji uliyohangaika nayo.

Na kuna jambo linalonikera kuliko yote: kutapisha vyoo mvua ikinyesha. Mtu anasubiri mafuriko, anatoboa shimo lake, kinyesi kinaondoka na maji. Kinakwenda kwa nani? Kwa jirani wa bondeni na kwenye kisima chake. Choo chenu kikikaribia kujaa, mchange mkamuite mnyonyaji wa vyoo sasa hivi, barabara zikiwa bado zinapitika. Mwenye nyumba akigoma, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mkiwa wote, pamoja na bwana afya wa kata. Mpangaji mmoja ataambiwa ahame. Vyumba nane kwa pamoja, mwenye nyumba atawasikiliza.

nesi_zamu_ya_usiku

Naunga mkono kila neno la bibi afya. Niongeze ya upande wetu wa kitandani.

Tunawapokea watu wameshakunywa flajili za dukani, wengine dawa za kufunga tumbo. Dawa za kufunga kuharisha hazifai kwa kipindupindu, msimpe mtu, na kwa mtoto msijaribu kabisa. Vijiuasumu tutatoa sisi tukiona vinahitajika. Kinachookoa ni maji na chumvi kurudi mwilini. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon huko India, dripu zilipoisha Dkt. Dilip Mahalanabis aliwapa ndugu za wagonjwa maji ya chumvi na glukosi wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa mia hadi chini ya 4. Ndugu, wasio na taaluma yoyote. Kwa hiyo msijione wanyonge na vikombe vyenu.

Mtoto anyonyeshwe bila kukatishwa, hata akitapika. Mjamzito asisubiri dalili kali, aletwe mara moja, kwa sababu akikaukiwa mimba iko hatarini.

Dalili za kuondoka nyumbani dakika hiyohiyo: macho yamezama, kiu isiyokatika au ameshindwa hata kunywa, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, hajakojoa kwa saa nyingi, mtoto analia bila machozi, amelegea au anaongea visivyoeleweka. Na tafadhali, kama kuna mlipuko mtaani na mtu anaharisha majimaji mfululizo, msikae mkizihesabu dalili hizo. Njooni. Kituo cha serikali kikimtibu mtu wa kipindupindu hakimdai fedha, kwa hiyo bei isiwe sababu ya kusubiri.

baba_watatu

Mimi nina mawazo tofauti kidogo. Naheshimu kazi yenu, ila kipindupindu naona ni cha mitaa iliyobanana. Mimi nakaa nyumba yenye uzio, tunakunywa maji ya chupa, choo cha ndani. Huu uzi unanihusu kweli?

bibiafya_temeke

Unakuhusu, baba, na nashukuru umeuliza. Maji ya bomba yakikatika wiki nzima, tenki lako linajazwa na nani? Boza. Boza limejaza wapi? Hujui, na dereva hatakwambia. Hayo mnapigia mswaki, mnaoshea sahani na kachumbari. Watoto wanapata barafu za mifuko na ubuyu wa maji shuleni, na barafu haiui vimelea hivi. Mchana unakula kwa mama ntilie jirani na ofisi. Na anayekupikia nyumbani anarudi jioni kwenye nyumba ya choo kimoja kama ya mwenzetu wa Buguruni.

Tia dawa kwenye tenki kila linapojazwa na boza. Na mnunulie dada anayekufanyia kazi pakiti za ORS na vidonge vya maji apeleke kwake. Hiyo ni kinga yako pia.

dereva_wa_nakonde

Mimi napiga safari za Zambia. Januari 2024 nilikuwa Lusaka. Uwanja mkubwa wa mpira wa Heroes uligeuzwa kuwa kituo cha wagonjwa, na shule zilichelewa kufunguliwa. Jambo lililotuumiza sisi madereva ni kwamba watu wengi walikuwa wanafia majumbani au wanafika tayari wamekufa. Nakubaliana na mama kuhusu usiku.

Ushauri wangu kwa wasafiri: msitoke bila pakiti za ORS kwenye gari. Mtu anaanza kuharisha katikati ya pori, kituo cha afya hakipo karibu, na konda anadhani ni chakula tu kilichomsumbua. Na mkirudi nyumbani mkitokea sehemu yenye mlipuko, waambieni wake zenu ukweli. Tumia choo, nawa, usiingie jikoni kupika siku hizo hata kama unajisikia mzima.

binti_likoni

Salamu kutoka Mombasa. Sisi huku tunaujua ugonjwa huu, na mambo yetu ni harusi na matanga. Sinia moja, watu sita, mikono sita. Mnaonaje hapo? Na je, ndimu kwenye maji yaua wadudu kama wazee wasemavyo?

bibiafya_temeke

Waalaikum salaam binti wa Likoni. Ndimu nianze nayo: vimelea hivi havipendi ukali, kwa hiyo ndimu kwenye chakula inasaidia kiasi. Haitoshi kusafisha ndoo ya maji. Tieni dawa, na ndimu muendelee nayo kwa ladha.

Shughuli ndiyo mahali ugonjwa unapohama kutoka nyumba moja kwenda mtaa mzima. Wali uliopikwa alfajiri ukakaa sufuriani hadi mchana bila moto, ni mahali pazuri sana pa vimelea kuzaliana. Pilau ya moto inayopakuliwa ikifuka haina shida. Shida ni kachumbari iliyooshwa kwa maji ya kisima, sharubati yenye barafu isiyojulikana ilikotoka, na birika la kunawia linalopita haraka bila sabuni. Mkipika kipindi cha mlipuko, acheni kachumbari na sharubati siku hiyo, chakula kiliwe kikiwa cha moto, na awekwe kijana mmoja kazi yake iwe sabuni na maji yanayotiririka tu. Waliouguza mgonjwa wasishike mwiko. Jambo hili liseme mtu mzima wa familia, shangazi au bibi, maana likisemwa na kijana litaonekana dharau.

abuu_salim

Na maiti je? Sisi kuosha ni wajibu, na familia nyingi zinaumia zikiambiwa zisimguse marehemu wao.

bibiafya_temeke

Swali zito hili, na lazima lijibiwe kwa heshima. Maiti ya kipindupindu inaendelea kutoa maji yenye vimelea vingi. Msiioshee nyumbani. Waiteni watu wa afya wasimamie, wakiwa na glavu na maji ya klorini kali kuliko ya sakafuni, na waoshaji wenu wa msikitini au wa kanisani wanaweza kuelekezwa wakashiriki wakiwa wamejikinga. Ninachoomba ni hiki: ongeeni na imamu au mchungaji wenu sasa, mtaani kukiwa na utulivu. Familia ikisikia utaratibu kutoka kwa imamu wake kabla ya msiba, inapokea. Ikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgeni mwenye glavu siku ya msiba, inagoma, na ina haki ya kuumia. Baada ya mazishi, siku zile za mwanzo chakula kisipikiwe nyumba hiyo. Rambirambi ipelekeni kwa fedha.

baba_watatu

Nimeelewa, mama, na tenki nitalitia dawa. Chanjo je? Naweza kununua?

nesi_zamu_ya_usiku

Ipo ya kunywa, lakini usitegemee kuikuta duka la dawa. Inaletwa kwa kampeni kwenye maeneo yenye mlipuko au hatari kubwa, kama Zanzibar walivyofanya 2009. Oktoba 2022 dunia ilikuwa na upungufu, ndiyo maana kwenye milipuko walianza kutoa dozi moja badala ya mbili. Moja inakinga angalau miezi sita. Wakipita mtaani kwako, kunywa. Ila haiondoi ulazima wa yote yaliyosemwa humu.

mpangaji_buguruni

Mrejesho wakuu. Tumekaa kikao, vyumba sita kati ya nane vilikuja. Ndoo ya koki ipo, zamu tumebandika mlangoni mwa choo, na mzee wa chumba cha mbele ndiye mtunza mfuko wa ORS kwa sababu yeye hatoki usiku. Namba za madereva wawili wa bajaji kila mtu anazo. Mwenye nyumba amekubali kunyonya choo tukichangia nusu. Tumebakiza swali moja: mtu akitapika au kuharisha sakafuni, tunasafishaje? Kuna waliosema wachanganye dawa ya chooni na dawa ya kuondoa madoa ili iwe kali.

bibiafya_temeke

Mungu awabariki. Hao wengine wawili msiwaache, wapelekeeni taarifa mlangoni bila maneno ya kuwasema.

Wakatazeni hao wa kuchanganya! Dawa ya klorini, yaani hiyo ya kuondoa madoa, ikikutana na asidi ya kusafishia choo inatoa gesi inayochoma mapafu, na kwenye chumba kidogo inaweza kuua. Tumieni klorini peke yake na maji. Someni kwenye chupa ni asilimia ngapi. Ikiwa 3.5, kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe sita vya maji. Ikiwa 5, kikombe kimoja kwa tisa. Mimineni juu ya matapishi, acheni dakika kumi, futeni kwa tambara la kutupa, kisha mrudie sakafu yote. Anayesafisha avae glavu, au mifuko ya plastiki mikononi akikosa, na anawe kwa sabuni akimaliza. Mchanganyiko huo korogeni mpya kila siku, unapoteza nguvu ukikaa, na chupa yenyewe ikae kivulini mbali na watoto.

Mgonjwa awe na ndoo yake, iwe na dawa kidogo chini kabla hajaitumia, imwagwe chooni na si kwenye mtaro. Nguo na shuka zilowekwe kwenye dawa kabla ya kufuliwa, zisifuliwe kisimani. Na mzee wa chumba cha mbele muongezeeni pakiti, sita hazitoshi familia nane.